Anakula Kila Kitu

Ijumaa, 1 Juni 1973

Asubuhi uji wa ulezi, vikombe viwili. Chumvi kidogo. Hakutapika. Mchana ndizi za kuponda na mchuzi wa maharage, kijiko kimoja cha mawese. Hakujikuna. Jioni dagaa na ugali laini. Siku ya kumi na tisa ngozi ya Idi iko safi, hata nyuma ya magoti.

Ana miaka miwili na nusu. Niko naye mwezi wa nne sasa, tangu mama yake, Mariamu, alipokwenda kujifungua kwa wazazi wake Kitahana, akaumwa sana baada ya uzazi. Mariamu ni mke mwenzangu. Shabani mume wetu ana duka hapa Kasulu na kibanda cha nguo Kibondo. Mimi nimewekwa huku, Mariamu kule. Mimi ndiye Bi Mkubwa. Wa kwanza kuolewa, wa mwisho kuzaa. Niseme kweli, sijazaa kabisa.

Alipoletwa alikuwa macho yamevimba na mikono ina vidonda kwa kujikuna. Kila aliyepita alisema mpe maziwa, mpe yai, mpe karanga apate nguvu. Nikampa vyote, akazidi kuharibika. Siku moja jirani alimnywesha maziwa, kifua kikaanza kulia filimbi na midomo ikavimba. Tangu hapo nikaanza kuondoa kitu kimoja kimoja na kuandika. Maziwa. Samli. Mayai. Karanga. Hivyo vinne. Mganga wa zahanati, kijana wa Songea, alisoma daftari hili akasema kuna watoto miili yao inakataa vyakula hivyo, wengine huacha wakikua. Akasema nimefanya kazi ya daktari. Wiki nzima naliwaza neno hilo nikiosha vyombo.

Jumatatu, 4 Juni

Barua kutoka Kibondo. Mariamu amepona. Atakuja Jumamosi kumchukua mwanawe. Shabani amepiga mluzi siku nzima dukani. Nauchukia ule mluzi.

Tena babu wa Kitahana anataka kumpa mjukuu ng'ombe. Ndiyo desturi yao. Mjukuu akifika kwa babu mzaa mama mara ya kwanza akiwa anatembea, anaonyeshwa ndama wake, ananyweshwa maziwa ya mama wa yule ndama kwenye kibuyu, watu wakiona. Akikataa, amewaombea ng'ombe mabaya.

Nimemwambia Shabani mtoto hanywi maziwa. Amecheka. "Mtoto wa Muha akatae maziwa? Kesho utaniambia ng'ombe wamekataa majani." Akarudi kwenye vitenge vyake. Sikubishana. Nilipaswa kubishana.

Jumamosi, 9 Juni

Amekuja. Kanenepa. Mgongoni kabeba mtoto wa kike, mashavu kama mandazi. Ananiita Bi Mkubwa kwa adabu, anapiga goti kama wanavyopiga kwao. Siwezi hata kupata kosa la kumchukia. Hilo nalo linaniudhi.

Idi alimkimbia. Alijificha nyuma ya kanga yangu, akashika mguu wangu kwa mikono miwili. Nilifurahi mno. Mariamu machozi yalimlengalenga, na mimi nikafurahi zaidi. Naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Furaha yenyewe haikufika magharibi. Aliketi akamwimbia kitu cha Kiha, taratibu, hora mwana wanje, hora, nyamaza mwanangu. Mtoto akasogea. Akasogea tena. Akalala kwenye paja lake mdomo wazi. Miezi minne ya uji wangu, na wimbo mmoja.

Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kumbe wanasema tu.

Jumapili, 10 Juni

Wameondoka asubuhi na lori la chumvi.

Wakati wa kufunga mzigo Mariamu aliniuliza. Aliuliza vizuri, ameinamisha kichwa. "Bi Mkubwa, huyu anakula nini siku hizi? Mimi nilimwacha hali kitu."

Daftari lilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Nililisikia pajani.

Nikasema, "Anakula kila kitu."

Akashukuru.

Jumatatu, 11 Juni

Nimepika uji mwingi kupita kiasi. Nimeumwaga.

Alhamisi, 14 Juni

Shabani amekwenda Ujiji kufuata mzigo. Niko peke yangu na duka. Nimepima kitambaa cha watu vibaya mara mbili.

Niandike nilichokitaka, maana kukizungukazunguka ni upuuzi. Nilitaka augue. Si sana. Augue kiasi cha watu kusema kwa Bi Mkubwa alikuwa mzima, arudishwe kwa Bi Mkubwa. Nilitaka Shabani aje mlangoni na mtoto mkononi, aseme mchukue, wewe ndiye unayemjua. Hivyo tu. Nilijipimia ugonjwa wa mtoto kama napima sukari.

Mtu hawezi kuupima. Nilikuwepo siku kifua kilipolia filimbi. Najua.

Jumamosi, 16 Juni

Mke wa mwalimu amerudi kutoka Kibondo, kapita dukani kununua uzi. Habari za huko, nikauliza, kama vile siulizi kitu. Akasema kamwona Idi kwenye kibanda cha Mariamu. Macho yamevimba, shingo ina vidonda. Mama mtu anampaka samli usiku na mchana, na chakula anamtilia samli ili apate nguvu. Watu wanasema mtoto alikonda huku Kasulu kwa kunyimwa maziwa. Kwa kunyimwa na nani hakusema. Aliangalia uzi.

Jumanne wanampeleka kwa babu Kitahana. Wanasema akinywa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe atapona.

Nilichokitaka nimekipata.

Jumapili, 17 Juni

Lori la kwenda Kibondo ni kesho. Nimefunga duka. Majirani watamwambia Shabani nimekwenda msibani au watamwambia chochote.

Nimewaza njia za kusema, na kila njia ni mbaya. Tasa anakwenda kwa wazazi wa mke mwenzake, siku mtoto anapewa ng'ombe, anasema mtoto asinywe maziwa. Nani atanisikiliza? Hata mimi nisingenisikiliza. Watasema wivu. Na wivu ninao, tele, siwezi hata kuapa kwamba sina.

Jumatano, 20 Juni. Kitahana.

Niandike kabla sijaanza kujisifu.

Jana nilitembea kwa miguu kutoka Kibondo, nikafika jua limepanda. Uani watu wengi. Ndama mwekundu kafungwa kamba ya mgomba. Babu, mzee mrefu mwenye kofia ya kijivu, ameketi kwenye kigoda. Idi yuko mapajani mwa bibi yake na macho yamebaki mistari. Kibuyu kilikuwa tayari mkononi mwa babu.

Nilisalimia. Mwakeye. Wakaitika. Nikasema mtoto asinywe, maziwa yanamdhuru.

Bibi akasema Kiha kirefu, nikapata vipande tu. Mwanamke mmoja akanifasiria bila kuombwa. "Anasema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe umejulia wapi?"

Nilitoa daftari. Hakuna aliyelitazama. Nilisema habari ya mganga wa zahanati. Babu akatikisa kichwa kwa upole, akasema Kiswahili chake cha polepole, "Mama, amata, maziwa haya, si sumu. Sisi wote tumekuzwa na haya." Akainua kibuyu. Idi akafungua mdomo, maana amefundishwa kufungua mdomo akiona chombo. Nimemfundisha mimi.

Hapo nikaona kwamba ukweli wa nusu hautapita. Nikapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe nikasema mbele yao wote. Nikasema Mariamu aliniuliza mtoto anakula nini, nikamjibu anakula kila kitu. Nilidanganya. Nilijua maziwa yatamdhuru. Nilitaka aumwe ili arudishwe kwangu, kwa sababu mimi sina mtoto na nilimwonea wivu. Samli mliyompa wiki hii ndiyo iliyomfunga macho, na mimi ndiye niliyenyamaza.

Waliniamini. Mara moja. Hakuna mtu anayejitungia aibu ya namna ile. Bibi alitema mate chini. Mwanamke aliyekuwa ananifasiria aliacha kufasiri.

Lakini kibuyu bado kilikuwa hewani, na ng'ombe yuko pale, na watu wanaangalia. Maziwa yakimwagwa ni mkosi, yakirudishwa ni matusi. Babu akamchukua Idi kutoka kwa bibi, akamkalisha pajani kwake, akamshikisha kibuyu mikono yote miwili, akainama akanywa yeye. Yote. Akajifuta ndevu akatangaza kwa Kiha. Hilo nililielewa mwenyewe. Mjukuu amekunywa kwa mdomo wa babu yake.

Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wamechelewa kidogo. Nilimnawisha Idi uso kwa maji na sabuni, na mikono ile iliyoshika kibuyu. Alinishika sikio kama kawaida yake.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimeufunua uani kwa watu, na sitazaa vilevile.

Alhamisi, 21 Juni. Bado Kitahana.

Nilitegemea Mariamu anipige. Ningeelewa. Leo asubuhi kanikuta jikoni, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Kasema neno moja.

"Nionyeshe."

Basi nimemwonyesha. Ulezi hadi uchemke vizuri. Ndizi gani. Mawese kiasi gani. Usimpakate baada ya kukamua kabla hujanawa. Usimpe mabaki ya sahani ya mtu. Yeye haandiki haraka, amejiunga na kisomo cha watu wazima juzi juzi, kwa hiyo kila kitu amekirudia kwa mdomo mara tatu. Hakukosea. Ana akili nyepesi kuliko yangu. Nilikuwa natumaini ni mjinga.

Nimemuuliza kama atamwambia Shabani. Amesema, "Nimwambie nini? Mtoto amepewa ng'ombe." Akaendelea kukoroga.

Angenisema ningepumua. Sasa nina deni la wema kwa mtu ninayemwonea wivu, na wema wake nao nauonea wivu.

Jumatatu, 25 Juni

Kasulu. Peke yangu. Macho ya Idi yalikuwa yamefunguka nilipoondoka. Hakulia. Alikuwa anamrushia ndama majani.

Shabani amerudi na mzigo. Kauliza msiba ulikuwa wa nani. Nikasema wa mtu usiyemjua.

Jumamosi, 7 Julai

Hakuna cha kuandika. Daftari hili lilikuwa la chakula cha mtoto. Sijui ninaandika nini humu siku hizi. Leo nilikula mihogo.

Shabani amekwenda Kibondo tena. Ni zamu ya kule.

Jumatatu, 16 Julai

Shabani karudi. Anasema Idi anang'aa. Anasema kumbe Mariamu ni hodari wa kulea, kamwondolea maziwa mtoto kwa akili zake mwenyewe, na mtoto kapona. Amelisimulia hilo dukani mbele ya wateja, akacheka, akanitazama nicheke.

Nilicheka. Nilikwenda nyuma nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Jumapili, 22 Julai

Barua. Imeletwa na dereva wa lori la chumvi. Nilidhani ya Shabani, lakini juu imeandikwa BI MKUBWA. Herufi kubwa, moja moja, za mtu aliyekaa na kalamu jioni nzima. Mariamu ameandika mwenyewe.

Juzi Idi amekula dagaa wa kukaanga. Midomo ikavimba, akatapika, ikapita. Anauliza kama dagaa nao wanamkataa. Anasema kama vyakula vinaongezeka anaogopa hatamweza, na kama nitaona vyema atamleta kwangu akae huku mpaka akue.

Hivyo ndivyo alivyoandika. Mpaka akue.

Nimekaa na barua ile tangu adhuhuri. Idi amekula dagaa kwangu kila wiki, miezi minne, hawajamfanya kitu. Nilijua kabla sijamaliza kusoma. Ni sufuria. Amekaangia dagaa kwenye sufuria iliyokaangiwa kitu kwa samli, au ile ya mayai.

Nilichukua karatasi nikaandika kwamba ndiyo, dagaa nao, na samaki wote, na kwamba mtoto wa namna hiyo anahitaji mtu asiye na mtoto mwingine mgongoni. Nikaandika mlete. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Nikaisoma. Nikaichana, nikaitia motoni.

Kwenye karatasi ya pili nimeandika: Mariamu, dagaa hawana kosa. Tenga sufuria moja ya Idi, isiguswe na samli wala yai, uifunge kitambaa ili wageni wajue. Isugue kwa majivu kabla ya kuanza. Utamweza. Nimeandika kwa herufi kubwa ili asome bila kumwita mtu.

Lori linaondoka kesho alfajiri. Nimempa dereva barua, pamoja na sufuria yangu ndogo, ile niliyokuwa nampikia Idi.