Dakika Arobaini za Ufukweni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini kwamba barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ufike kwa binti yenu. Najua uliondoka ukisema hutakaa tena kwenye meza ya kutengenezea saa pamoja nami. Nakuomba tu uisome hadi mwisho.

Msalimie sana shemeji. Mwambie kwamba bahasha aliyoiacha juu ya meza yangu asubuhi mlipoondoka niliifungua, nikakuta risiti ya chumba mlichokuwa mmelipia katika nyumba ya wageni kando ya bahari. Aliniandikia kwa heshima zote kwamba, kwa kuwa niliwanyima siku mbili za ufukweni, basi niende mwenyewe nikaone nilichowanyima. Mwanamke yule hatukani; anachoma kwa adabu.

Basi nimekwenda! Usicheke. Jumamosi asubuhi nilifunga karakana, jambo ambalo katika miaka thelathini na mmoja tulilifanya siku moja tu, siku tuliyomzika mke wangu. Kibao cha kuonyesha kwamba tumefunga hatuna, kwa hiyo nilikata kipande cha boksi nikaandika kwa mkono. Muuza magazeti wa mlango wa pili alikisoma, akaniuliza nani amefariki.

Safari ilichukua dakika hamsini na mbili. Hamsini na mbili tu! Ukisimama mwisho wa mchanga unayaona maghorofa ya mji wetu ng'ambo ya ghuba, madogo kama vipuri kwenye trei, wala husikii honi hata moja. Nyumba yenyewe ina vyumba tisa na veranda pana inayotazama maji. Chumba chenu kina madirisha mawili, na upepo huingia kwa hili ukatokea kwa lile, ukipeperusha shuka usoni mwa aliyelala.

Mapokezini, kila mgeni huacha simu yake ndani ya kikapu. Mwenye nyumba, muuguzi mstaafu ambaye bado ana sauti ya wodini, alinitaka nivue na saa ya mkononi. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi, na kunivua saa ni sawa na kunivua suruali. Alinijibu kwamba suruali naweza kubaki nayo.

Kabla sijaivua, niliilinganisha na saa kubwa ya ukutani katika chumba cha kulia, ile aina inayogonga kengele. Ilikuwa nyuma kwa dakika arobaini. Arobaini! Unanijua. Mchana kutwa wageni wenzangu waliogelea. Mimi nilikuwa nikiitazama saa ile kama daktari anayetazama mgonjwa aliyenyimwa dawa. Jumapili, kabla watu hawajaamka, nilipanda juu ya kiti na bisibisi yangu. Niliifungua, nikaikuta haina ugonjwa wowote. Niliisogeza mbele dakika arobaini, nikashuka nikiwa nimeridhika.

Kumbe mpishi huondoa vyombo vya chai saa hiyo inapogonga saa nne. Ikagonga. Akaondoa. Maharusi wapya waliingia na nywele mbichi, wakakuta meza tupu. Dereva mmoja wa malori alilalamika kwamba hata baharini ameambiwa amechelewa. Kisha wote wakaiona bisibisi kwenye mfuko wa shati langu.

Yule muuguzi aliniuliza ni nani aliyeniita. Alisema saa ile huirudisha nyuma yeye mwenyewe. Alikimbizwa na kengele za wodi kwa miaka thelathini na sita, na wageni wake nao hufika kutoka mjini kama watu wanaofukuzwa. Kwa hiyo huwapa dakika arobaini bila kuwaambia, maana wakiambiwa watazipangia kazi. Akaniamuru niirudishe ilivyokuwa.

Wewe unajua: saa ya kengele hairudishwi kinyume, utaharibu mitambo. Unasimamisha pendulamu isibembee, halafu unangoja. Nikaisimamisha. Mpishi akatandika meza upya, na bwana harusi akanibebea kiti hadi verandani ili ningoje nikitazama maji. Mdogo wangu, sikuwa na chochote cha kushika mkononi! Baada ya muda nilivua viatu. Baada ya muda mwingine nilikuwa ndani ya bahari hadi magotini, suruali imekunjwa, nikipiga kelele kila wimbi lilipokuja. Dereva wa malori alipaza sauti kwamba njooni mwone, Bwana Sekunde anayeyuka. Kumbe hata jina mlilonipa ninyi lilikuwa limenitangulia kitabuni mwao, kwani ndilo shemeji alilowaandikisha alipokihamishia chumba kwangu.

Je, dakika arobaini ziliisha lini? Sijui. Nilirudi miguu ilipopata baridi, nikaisukuma pendulamu. Kwa mara ya kwanza maishani niliiwasha saa bila kujua ni saa ngapi.

Na sasa lililonifanya nishike kalamu. Ile saa ya mnara wa shule, niliyokwambia kwamba haijakamilika na kwa hiyo huwezi kuondoka, ilikuwa imekamilika tangu Alhamisi. Niliifunika kwa kitambaa ili usiione. Sababu haikuwa kazi. Tangu mke wangu afariki, naogopa kukaa karakanani peke yangu, bila ule mluzi wako usio na wimbo. Badala ya kukwambia hivyo, nilikuita mvivu mbele ya wateja. Hukuwa mvivu hata siku moja. Nilikukosea, nami naomba radhi.

Muuguzi amewawekea chumba kilekile Jumamosi ijayo. Karakanani nitakaa mwenyewe, nitajifunza. Ukiamua kurudi baada ya hapo, nitafurahi mno. Usipoamua, nitabaki kuwa kaka yako.

Saa kubwa ya karakana nimeisimamisha. Wateja wanacheka kumwona fundi saa asiyejua ni saa ngapi. Nawajibu kwamba namngoja mwenzangu. Sitaigusa. Wasalimie binti yenu na wajukuu, na uwaambie babu yao mkubwa anajua kupiga kelele.

Ni mimi kaka yako, ambaye hadi leo ana mchanga ndani ya soksi,

Bwana Sekunde