Mgeni wa Kwanza wa Siku ya Ignati

Tryavna,
21 Desemba 2018.

Mpendwa Shangazi Tsvetana,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya Toronto inakuhurumia? Sisi tu wazima, ila Yoana anaota meno na mimi nasinzia nikiwa nimesimama.

Shangazi, keti kwanza. Nimeingia nyumbani kwa Ignat Kalpakov!

Unajua alivyokataa katakata nisiandike kitabu cha maisha yake, hadi wakili wake akanitisha. Mama mkwe naye haniachi: "Nepi zimejaa beseni, wewe unafua maisha ya mwandishi wa majoka!" Lakini jana ilikuwa siku ya jina lake, sikukuu ya Mtakatifu Ignati, na mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti siku ya Ignati ndiye bahati ya nyumba mwaka mzima. Hafukuzwi. Basi alfajiri nikambeba Yoana na pai ya boga, nikabisha hodi.

"Ndiwe yule mwizi wa maisha yangu?"

"Ndimi, mzee wangu. Ila mgeni wako ni huyu."

Nikamtua Yoana ndani. Akakaa kitako sakafuni kama kuku anayeatamia, sawasawa na mila! Mzee akacheka, akampa ukoko wa mkate atafune.

Sikumficha. Nilimwambia nimeandika habari za Dimo, kaka yake aliyefariki utotoni, yule uliyecheza naye, kwamba ndiye aliyemsimulia hadithi ya joka la kwanza. Uso ukambadilika.

"Hiyo itoe."

Bila Dimo sina kitabu. Nikamjibu polepole, "Mengine yote naweza kuyatoa. Vitabu vyako vimezunguka dunia, na jina lake halimo hata katika kimoja. Mimi ni mama, mzee wangu. Siwezi kumfuta mtoto."

Akakisukuma kando kikombe chake cha chai. Nikavaa koti, nikijua nimeshindwa. Mlangoni akainama kumfunga Yoana skafu.

"Ruhusa sikupi, na usiniombe tena. Umeandika kwamba alichechemea?"

"Ndiyo. Mguu wa kulia."

"Wa kushoto! Aliyekuambia ni Tsvetana, eti? Tangu shule hajui kulia wala kushoto. Rekebisha."

Nimerekebisha, Shangazi, kabla hata ya kuvua viatu. Dimo anabaki.

Msalimie mumeo Kiril na binamu Nevena. Mungu akulinde, na hilo goti alitazame, lolote lile linalouma.

Akupendaye bila kuchoka, ingawa amechoka,
Radostina.