Redio ya Marehemu Haitoki

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepima oili, nimeongeza maji, nimepakia mpunga Rudewa. Vumbi mpaka masikioni. Redio ya Fuso nimeifungulia hadi mwisho, bado injini inaimeza. Spika moja inakoroma, nyingine ilishajifia zamani.

Jioni nilipeleka hesabu ya magunia kwa Hajati Mwanahawa, mwenye gari. Shikamoo, marahaba. Kabla sijakaa akaniambia nitafute fundi wa muziki. Mjukuu wake Saada anaolewa Mikumi, na Hajati anataka mwali aingie kwa mumewe na Fuso la babu yake, linapiga muziki mpaka majirani watoke nje. Nimefurahi kama mtoto. Nimemwomba hilo tangu mwaka juzi.

Sharti ni moja. Redio iliyokuja na gari haitoki. Ilikuwa ya mumewe, marehemu mzee Kondo. Ikifa redio, na mimi nashuka kwenye gari. Hajati hana mzaha.

Jumatano, 6 Agosti

Mikumi. Mafundi wawili wa kwanza wameniambia redio hii ni chuma chakavu, niitupe. Wa tatu ni mwanamke, Tausi, ana kibanda kando ya barabara kuu wanapolala madereva wa malori. Kapanda kwenye kebini, kaiwasha, kafumba macho. Kasikiliza muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia. Kisha kasema redio ni nzima, wagonjwa ni spika.

Anajisifu mno. Kasema kati ya Morogoro na Iringa hakuna mwenye sikio kama lake. Nilicheka. Baadaye sikucheka tena. Wanasema mwenye kelele hana neno. Huyu ana kelele na neno analo.

Redio ya kiwandani haina tundu la kuchomekea amplifaya, kwa hiyo sauti kaivuta kwenye waya zilezile za spika, kwa kifaa kidogo. Redio haikuguswa hata skrubu moja. Amplifaya chini ya kiti. Spika mpya milangoni, boksi la besi nyuma ya kiti, na mbili kubwa kwenye bodi za nje. Alipoanza kukwangua rangi nilimfokea. Kumbe waya wa hasi unataka chuma kitupu, ukiufunga juu ya rangi muziki unalia vibaya. Mikono yake haina papara. Ningeweza kumtazama kutwa.

Kumebaki kitu kimoja. Fuso lina betri mbili zilizoungwa, volti ishirini na nne, na amplifaya inataka kumi na mbili. Konveta ya kushusha umeme inatoka Morogoro, itafika wiki ijayo. Kaniambia nisiguse kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sina mzigo. Spika mpya zimekaa kimya na mimi nazitazama. Uvumilivu umenishinda. Nimevuta waya kutoka betri moja. Betri moja ni volti kumi na mbili, shida iko wapi? Madereva wote wa Kilosa wanafanya hivyo.

Ewe Mola. Besi iligonga kifuani. Sauti ya mwimbaji imekaa mbele kabisa, unamsikia akivuta pumzi. Nimepita Mabwerebwere, mtaani kwa Hajati, polepole, wanawake wameacha vitunga vyao vya maandazi wakacheza. Hajati katoka mlangoni. Hakucheka, ila kidole kilikuwa kinagonga kwenye nguzo. Nimemwona.

Jumapili, 10 Agosti

Munisagara. Nilikuwa nimekwenda kuulizia mahindi, gari tupu. Nimekaa nikipiga muziki huku nikimsubiri mwenye mahindi. Kuja kuwasha, ta! Kimya. Betri moja imekamuliwa mpaka tone la mwisho, na mwenzake hawezi kusukuma injini peke yake.

Vijana wa kifugaji walikuwa wanapeleka ng'ombe mtoni. Nilisita kuwaita. Mimi mtoto wa wakulima, na wiki iliyopita tu watu wetu na wao walikuwa wanatazamana vibaya kwa ajili ya mashamba. Wakaweka fimbo chini bila kuombwa, wakasukuma kwenye mteremko mpaka likawaka. Hawakutaka kitu. Nimeona haya.

Redio haikuwaka. Giza tupu. Sijala tangu mchana.

Jumanne, 12 Agosti

Mikumi, kwa Tausi. "Kaka, nilikwambia nini?"

Basi, na mengine siandiki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wangu ni binti niliyemzidi umri.

Konveta imefika, kaifunga. Redio ilikuwa imeunguza fyuzi tu, ikawaka. Nikataka kumkumbatia. Kukatokea mluzi unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Kausikiliza, kahamisha waya wa sauti upande wa pili wa kebini, mbali na waya wa umeme. Mluzi ukaisha. Mwanamke huyu ni hatari.

Halafu kabonyeza vitufe vya stesheni, kimoja kimoja. Umeme ulipokatika redio imesahau stesheni. Vile vitufe alivyoviweka mzee Kondo mwenyewe, vyote sasa vinatoa shii tupu kama upepo. Hajati akipanda gari, kabla ya kufunga mlango, anabonyeza cha kwanza. Siku zote.

Nimekwisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwambia Hajati asubuhi kabla hajapanda. Nilisema yote, pamoja na betri. Kanitazama. Kaenda kupanda gari la mwanawe.

Harusi ilikuwa ya kupendeza. Kuingia Mikumi, Tausi kasimama nyuma kwenye bodi na kilemba cha kijani, anasikiliza, ananiashiria nipunguze, niongeze. Wakwe walitoka na kanga wakazitandika chini. Saada alilia, akacheka. Sijawahi kusikia muziki ukitoka kwenye gari hivyo, na nimeendesha magari mengi. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu njia nzima.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi Hajati kaja na kikapu chake, kapanda mbele. Kabonyeza kitufe cha kwanza. Upepo. Umetoka kwenye spika zote, safi kabisa.

Tumekwenda hivyo mpaka tumeuacha mji. Kisha kaniuliza vitufe vinawekwaje. Nimemweleza: tafuta stesheni, shikilia kitufe mpaka kilie. Kazungusha taratibu. Kapita taarifa ya habari, kapita mpira, kakuta taarabu. Kashikilia. Kikalia.

"Mzee alikuwa mtu wa habari," kasema. "Mimi habari sizipendi. Hakuniuliza."

Alipokuwa anashuka kaniambia kesho kuna mbaazi za kupeleka Morogoro, nisichelewe.