Vijiko Arobaini na Vitatu

Chumba cha juu, nyuma ya bekari,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi? Goti lako limetulia, au bado linatabiri mvua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu, ingawa amenuna tangu nilipougawa mkebe wake wa biskuti kwa majirani.

Barua yako niliipata. Habari ya ile sahani nitaifikia. Kwanza nikupe yangu.

Mimba ina miezi mitano na mtoto anacheza. Ila kliniki wamenikuta na sukari, ile inayokuja na ujauzito. Nilikaa kwenye benchi la pale nikalia, nikamkumbuka Mama na miguu yake ilivyoharibiwa na sukari. Nikajiambia basi, ni ya ukoo, imenifikia, na huyu tumboni anasubiri zamu yake.

Daktari, mama mmoja mfupi asiye na haraka, alinikatalia. Aliposikia kwamba napamba keki, akauliza kama tuna daftari la vipimo. Tunalo, la tangu enzi za fundi wa kwanza, na kila fundi aliyepita ameandika pembeni kwa penseli: hapa punguza, hii ruka. Akasema mwili nao uko hivyo. Tulichorithi hakibadiliki, lakini chakula, usingizi, moshi, hata njaa ya mama, huacha alama juu yake, na mwili huzifuata. Aliyebebwa wakati wa njaa, mwili wake huweza kuzoea kuweka akiba, halafu ukikutana na shibe unaelemewa. Si lazima iwe hivyo, alisema, na wataalamu bado hawajajua yote. Lakini alama nyingine hufutika, na mtoto huyu ndiyo kwanza anaandikiwa zake.

Kaka, nilitoka pale nimekaza mkanda. Chai ya sukari, kwaheri. Soda, kwaheri. Jioni natembea hadi stesheni na kurudi, shemeji yako nyuma yangu anahema. Wiki mbili nzima, sukari haikushuka hata kidogo. Nusura nikivunje kile kipimo cha sukari nilichopewa kliniki.

Aliyenifumbua macho ni fundi mkuu wetu, tunayemwita Gramu kwa kuwa hupima hata chumvi ya yai lake. Aliniangalia nikichanganya krimu, akasema, "Dada, hicho ni kijiko cha kumi na moja, na saa tatu haijafika."

Kuonja. Miaka kumi na sita naonja kila bakuli, na sikuwahi kufikiri kwamba huko nako ni kula. Kwangu ilikuwa kazi tu, kama kufua aproni. Tulihesabu siku nzima tukafika vijiko arobaini na vitatu. Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Sasa Gramu ndiye anayeonja, mimi napamba tu. Hii ni wiki ya tatu, namba zimeshuka, na daktari ameridhika. Silegei, Kaka. Si mpaka nijifungue tu, hata baada ya hapo.

Haya, sahani. Unasema mwaka ule wa njaa, Mama akiwa na mimba yangu, alikuwa akikusogezea chakula chake nawe unakula, ndiyo maana nilizaliwa mwembamba hivyo na leo naumwa. Umelibeba hilo miaka thelathini na minne bila kuniambia. Ulikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba akisogezewa sahani na mama yake, anakula. Sina kinyongo nawe hata chembe, na nakukataza kujilaumu tena.

Ila jambo moja nakuamuru, udogo wangu tuuweke kando: kapime sukari wiki hii, uniandikie namba. Mama alikuwa wetu sote wawili.

Nisalimie Wifi, watoto, na shangazi wa cherehani. Mungu awalinde nyote na akupe miguu ya kuja huku.

Mtoto akizaliwa, njoo. Nitakupakulia mwenyewe, na sahani yangu itakuwa mezani kando ya yako, imejaa.

Mdogo wako akupendaye bila kupunguza,
Njiti