Kikombe cha maji ya mto

Schola pokea simu!! Nimefukuzwa Nyangoto. KUFUKUZWA. Na mapanga.

Nilikuwa nawafundisha wachimbaji palepale mtoni, kama kawaida yangu, kwamba zebaki wanayosafishia dhahabu inaingia kwenye maji wanayokunywa. Akasimama Mayunga, yule mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu. "Wewe dada unalipwa kutuharibia kazi. Maji haya ni safi!"

Nikachota kikombe, nikampa. Nikamwambia, "Basi kunywa."

Unajua alisema nini? "Mpe mke wangu." Mbele ya watu wote. Mpe mke wangu!!

Na huyo mke wake, Teddy, ana mimba, Schola. Akapokea kikombe, akamwangalia mumewe, akammwagia usoni.

USONI.

Vijana wa Mayunga wakanigeukia mimi. "Mshenzi huyu, anavunja ndoa za watu!" Tumekimbia na pikipiki yangu, mimi na Teddy.

Sasa hivi yuko sebuleni kwangu. Mayunga amepiga simu, anafoka: "Nirudishie mke wangu, au huo mto utakuzika!"

Teddy alisikia yote. Hakulia. Ameniambia tu, "Mwambie zile mimba mbili zilizoharibika, nilikuwa nakunywa maji hayohayo."