Wimbo wa Namba Moja Una Jina Langu

Bi Winifred mpendwa, nisaidie mwenzio, maji yamenifika shingoni na hapa mtaani sina hata mmoja wa kumwambia. Wengine wanaokuandikia gazetini huficha majina yao, lakini mimi nifiche nini wakati jina langu linaimbwa nchi nzima, maana huu wimbo wa kundi la Tausi wa Chuma ulioshika namba moja tangu kabla ya Krismasi, ule wa "Noreen, Noreen, slipa moja", Noreen huyo ndiye mimi, niko hapa hapa Tipton, nawapikia watoto wa shule chakula cha mchana, na yule mwimbaji wao anayejipaka vimetameta usoni, Royston Hadley, alikuwa mchumba wangu kabla sijaolewa na Malcolm.

Ni wimbo wa kuchekesha, kila mtu anasema hivyo. Unasema msichana alikuja mbio kwenye mvua kumtafuta mpenzi wake, mguu mmoja una slipa na mwingine mtupu, akabisha mlango wa klabu, na hapo ngoma inapiga dum-dum na watu wote wanakanyaga chini dum-dum, ndiko kubisha kwangu huko, halafu Royston anauliza, "Noreen, unataka nini?" na wenzake wanaitikia, "Ananitaka mimi!" Shuleni watoto wakipanga foleni na sahani zao wanakanyaga sakafu mpaka kastadi inacheza kwenye sufuria, na kiwandani kwa Malcolm wanaume wanagonga nyundo kwenye chuma akipita, dum-dum, wanamwuliza, "Vipi Malcolm, leo umemfungulia?"

Na yote ni kweli, Bi Winifred, nilikuja mbio, mvua ilikuwa inanyesha, na slipa moja ilibaki kwenye matope, ila sikufuata mapenzi. Ilikuwa Jumamosi mchana, mama yuko sokoni, baba amekaa kwenye kiti chake anasikiliza mbio za farasi redioni, mara akashika kifua akaniambia, "Noreen, sijisikii vizuri mwanangu," uso ukawa kama majivu. Simu ya barabarani ilikuwa imevunjwa na wahuni, jirani hakuna aliyekuwa na gari, na gari pekee nililolifikiria ni lile la kundi la kina Royston, lilikuwa limeegeshwa nje ya klabu ya wafanyakazi walikokuwa wakifanya mazoezi, basi nikakimbia. Nilibisha mpaka vidole vikachubuka. Mmoja wao akachungulia dirishani, nikamsikia akisema, "Roy, mkeo huyo kaja na slipa moja," wakacheka, na Royston akasema kutoka ndani, "Njoo baadaye mpenzi, tuko kazini," kisha nilipopaza sauti kwamba baba anakufa, wakapiga magitaa kwa nguvu zaidi ili wasinisikie. Niliporudi nyumbani baba alikuwa ameshakata roho, na farasi bado wanakimbia redioni.

Mama alikuja na samaki kwenye kikapu, na alipomaliza kulia akaniuliza, "Aliteseka?" Nikamwambia, "Hapana mama, alipitiwa na usingizi tu, nilikuwa nimemshika mkono." Jioni ile Royston na wenzake waliondoka na gari lao kwenda London, hata mazishini hakuja, na mimi sikumwambia lolote yeye wala mtu mwingine.

Sasa sikia. Tangu baba afe, mama alikuwa mtu wa kukaa dirishani na koti mwilini kama anayengoja kuondoka, hali, hasemi, na mama huyu huyu, wimbo ulipotoka akainunua santuri kwa sababu ina jina la mwanawe, anaipiga asubuhi mpaka jioni, anacheza na ufagio, anakanyaga dum-dum, ananiita, "Njoo ucheze nawe, mwanangu, usijifanye mzee, umekuwa maarufu!" Nami nasimama pale na vyombo mkononi nikisikia mlango usiofunguliwa.

Mwezi uliopita Tausi wa Chuma wakaja kufanya onyesho katika ukumbi wa mji, na Bi Hadley, mama yake Royston, akaleta tikiti za mbele kabisa. "Roy anataka upande jukwaani," akasema. "Na usininunie mie, wenzio wangelamba sakafu kwa bahati hiyo." Nilitaka kukataa, lakini mama alikuwa ameshatoa gauni lake la buluu kabatini, nikaogopa nikikataa ataniuliza kwa nini. Malcolm alitufuata tu.

Wakanipandisha. Royston alikuwa amevaa viatu vya soli nene kama matofali, akapiga magoti akanivisha slipa ya rangi ya dhahabu, ukumbi ukakanyaga mpaka mbao zikatetemeka chini yangu, akaninyooshea maikrofoni akasema, "Haya Noreen, waambie mwenyewe, siku ile ulikuwa unataka nini?" Nikamtazama machoni nikaona hajui. Hajui mpaka leo, Bi Winifred, hajawahi hata kujiuliza. Nikafungua mdomo niseme, na ukumbi mzima ukanijibia, "Ananitaka mimi!" na sauti niliyoisikia kuliko zote ilikuwa ya mama.

Malcolm alitoka nje kabla wimbo haujaisha. Nyumbani aliniuliza mara moja tu, "Ulimpenda hivyo, mpaka kumkimbilia mvuani na mguu mtupu?" Nikasema, "Ni wimbo tu, Malcolm." Akasema, "Mimi hujanikimbilia hata siku moja, hata kufika mlangoni." Tangu hapo analala kwenye kochi na ananisalimia kama mpangaji.

Nikimwambia ukweli, najua ngumi zake, atamfuata Royston, na habari zitamfikia mama kwamba mumewe alikufa peke yake akinisubiri, na pengine lile gari lingemwokoa. Nikinyamaza, mume ndiye anayeondoka. Kazini sijarudi, nalala mchana na mto masikioni, na kuna asubuhi natamani nisingeamka. Mwenzio nifanye nini?

Noreen, Tipton

*

Noreen, nimebadilisha majina yenu nyote, mji wako, maneno ya wimbo na hata ulichovaa mguuni, kwa hiyo usiogope kusoma mbele za watu. Chai yangu ilipoa nikisoma barua yako, na si kawaida yangu kuacha chai ipoe. Pole sana, binti yangu.

Tuanze na hilo la kutamani usingeamka, ulilolitupia mwishoni kama si neno. Ni neno. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wako, usimwambie habari ya usingizi wala kichwa kuuma, mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Mengine yote hapa chini yanaweza kungoja zamu. Hilo haliwezi.

Sasa nikugombeze. Umemhukumu mumeo bila kumsikiliza. Unasema unajua ngumi zake, lakini mtu wa ngumi angekwishapanda jukwaani usiku ule. Wa kwako alitoka nje akaumia peke yake. Na mume anayesema hujanikimbilia hata siku moja haombi kuachana, dada, anaomba kukimbiliwa. Ukamjibu ni wimbo tu! Mwanamke mwenye akili zako? Ulimfungia mlango mtu aliyekuwa anabisha, na wewe unajua inavyouma.

Unataka kujua kama baba angepona. Mimi sijui, daktari hajui, na usizunguke kumtafuta wa kukuambia, hayupo. Utaishi bila jibu hilo, ni gumu, sitakudanganya kwamba litakuwa jepesi. Ninalolijua ni kwamba alikuona ukitoka mbio kwa ajili yake. Hakufa akidhani ametupwa.

Mama yako usimbebee ukweli wote leo, maana leo utaumwaga badala ya kuusema. Lakini una haki ya kumwambia, "Mama, wimbo huu unaniumiza, naomba usiupige nikiwepo." Bila maelezo. Atauzima, na atakutazama. Alikuzaa huyo, anakufahamu uso. Siku atakayokuuliza tena kama baba yako aliteseka, usimdanganye mara ya pili. Mwanamke aliyezika mume si yai.

Royston je? Sikwambii umsamehe, wala usitarajie wimbo utafutika. Nyimbo za aina hii zinapigwa kwenye harusi mpaka wajukuu wanazeeka, na utausikia dukani ukinunua viazi, na utauma. Ila alikuuliza swali mbele ya watu, basi mjibu pasipo watu. Mama yake ana namba yake ya simu. Piga, sema, "Baba yangu alikuwa anakufa, nilitaka gari," kisha uikate. Usisubiri aseme. Atakalosema halitakusaidia kitu.

Kazini rudi Jumatatu. Watoto hawakuchukii, wanapenda kelele, na wana njaa.

Daktari ni kesho asubuhi, lakini Malcolm ni leo, akirudi kutoka kiwandani, hata kabla hajavua buti. Mama yako awe kwake, mlango wenu ufungwe. Maneno yakigoma, mpe ukurasa huu, mwambie, "Huyu ni mimi," akae asome. Nawe kaa mbele yake mpaka amalize. Akilia mwache alie, akinyamaza mwache anyamaze. Usiinuke kwenda kuosha vyombo.