Sare Niliyompa Mkwe

Kizwite, Sumbawanga
14 Julai

Kwako dada Gaudiosa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Leonardi na watoto hamjambo huko Mwimbi, na mahindi yamekauka vizuri. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na ninayemkasirikia ni wewe.

Uliondoka kabla ya matokeo kutangazwa, kwa hiyo nikueleze. Mechi yangu ya mwisho ya chesi, kama ulivyoona, nilipangiwa Mzee Cornelius, baba yake Christopha mchumba wangu. Nikishinda naingia timu ya mkoa. Sare isingenisaidia kitu. Nilifungua kwa kusogeza kete ya mbele ya mfalme, halafu ya jirani yake nikaiacha iliwe, kama nilivyofanya mazoezi mwezi mzima. Mzee akaila kwa pupa. Kufika mapumziko ya chai, mfalme wake hakuwa na wa kumkinga, na farasi wangu wote wawili wanamnyemelea.

Ndipo ukanivuta pembeni, kikombe mkononi, ukasema msichana hamfungi mkwe wake mbele za watu, ukoo mzima utasema hatukufundwa. Nikarudi mezani nikaomba sare. Mimi, dada! Heshima si utumwa, lakini siku ile ulinitumikisha.

Unadhani mzee alifurahi? Alikubali, kisha akabaki anautazama ubao. Alipogundua kwamba nilikuwa namfunga, alisimama akaniuliza mbele ya wote ni nani aliyeniambia kuwa yeye anahitaji huruma. Nilitamani ardhi inimeze. Nafasi ya timu ameichukua mwalimu mmoja wa Namanyere ambaye asubuhi yake nilimfunga bila jasho.

Aliyefurahi ni Christopha. Alinishukuru, akasema sasa ameamini nitakuwa mke mzuri, maana najua kujishusha.

Dada, tangu Jumapili kuna jambo nakuficha. Pete nimeirudisha. Niliipeleka mwenyewe kwa Mzee Cornelius, bila mshenga, na najua hapo utapiga kelele. Aliipokea. Kisha akatoa ubao, akazipanga kete kama zilivyokuwa tulipoacha, akasema sasa mimi si mkwe wake tena, nicheze.

Nilimfunga kwa hatua sita.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na watakaouliza habari za harusi uwajibu wewe.

Mdogo wako,
Justa